Rangi inatoka kwenye glasi? Angalia kwanza inatokaje

Nyie mnaochora maua, majani na ndege kwenye glasi na chupa, hii ni yenu. Umekaa jioni nzima unachora asumini kwenye jagi, petali moja moja, umeweka na kivuli kidogo pale katikati, limependeza kweli, mteja kalichukua kwa furaha, alafu wiki ya pili anakutumia picha ua lote limetoka, limebaki jani moja na kikonyo. Inauma jamani. Na jibu ambalo karibu kila mtu anakupa ni "rangi feki hiyo, badilisha". Unabadilisha, unanunua ya bei juu, na yenyewe inatoka vilevile.

Mi ninachowaambia wanaoniuliza ni hivi, kabla hujailaumu rangi angalia imetoka VIPI. Imetoka utando mzima, au imechubuka tu pale kijiko kilipogusa, au imevimba, au imelainika ikiwa kwenye maji? Hayo ni matatizo manne tofauti na kila moja lina chanzo chake, na ukitibu moja kwa dawa ya lingine utazunguka hapohapo mwaka mzima na hela zinaisha.

Kitu cha kuelewa kwanza, kioo hakinywi rangi. Ukuta unakunywa, mbao inakunywa, hadibodi inakunywa. Ndio maana wachoraji wa Tingatinga pale Dar, tangu enzi za mzee mwenyewe Edward Saidi Tingatinga aliyefariki 1972, wanapaka ile rangi ya mafuta ya kung'aa kwenye hadibodi na inashika vizuri tu. Ukichukua rangi ileile ukaipaka kwenye chupa inakaa juu juu, siku za mwanzo inang'aa unafurahi, baadae nyeupe inaanza kuwa ya njano na pembeni inaanza kuachia. Rangi sio mbaya, ila pale sio mahali pake.

Na hizi rangi zetu za glasi za kuchoma kwenye oveni ya nyumbani sio sawa na zile za viwandani. Enameli ya kweli ni unga wa kioo wenye rangi, unachomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi mia tano na kitu mpaka unayeyuka na kuungana na glasi yenyewe. Zile taa za misikiti za Misri na Syria za enzi za watawala wa Mamluk, karne ya 13 na 14, zilitengenezwa hivyo, na nyingine zina maua ya yungiyungi ambayo mpaka leo rangi ipo. Zetu ni akriliki, yaani plastiki inayoganda juu ya kioo na joto linaikaza. Inashika vizuri sana ukiifuata masharti yake, ila itabaki ngozi juu ya kioo, haiwi kioo. Ukilikubali hilo mengine yote yanaeleweka haraka.

Inabanduka utando mzima

Hii ndio kesi inayokuja mara nyingi kuliko zote. Unapitisha ukucha pembeni ya petali, linanyanyuka lote, na chini yake kioo ni kisafi kabisa, hakuna hata doa la rangi lililobaki. Angalia hapo kwa makini maana hapo ndio ushahidi ulipo, kama kioo kimebaki kisafi hivyo maana yake rangi haijawahi kukishika hata dakika moja, ilikuwa imekaa juu ya kitu kingine, na hicho kitu kingine ni mafuta.

Mafuta yanatoka wapi wakati glasi uliiosha? Kwanza mikono yako. Umepaka losheni asubuhi, au mafuta ya mgando, ukaiosha glasi vizuri, ukaikausha, alafu ukaishika katikati tumboni ukaizungusha ukitafuta pa kuanzia kuchora. Pale uliposhika ndio pale unapochora ua. Pili, na hii wengi hawaiwazi, ni chupa za kurudia kutumia zilizokuwa na lebo. Ile gundi ya lebo watu wanaitoa kwa mafuta ya kupikia au mafuta ya taa, inatoka kirahisi kweli, alafu wanaosha kwa sabuni mara moja wanaona chupa inang'aa basi wanaendelea. Imeng'aa lakini utando wa mafuta upo. Tatu ni kitambaa cha kukaushia, kile cha jikoni kinachofuta kila kitu mpaka sufuria ya chapati.

Namna ya kujua kabla ya kupoteza muda: mwagia glasi maji safi. Maji yakitanda yote kwa pamoja yakashuka taratibu, kioo kiko tayari. Yakijikata kata na kujikusanya kama kwenye jani la myugwa, mafuta yapo, rudi ukaoshe.

Kuosha kwenyewe ni hivi. Maji ya moto na sabuni ya vyombo, sugua na sponji safi ambayo haijaosha masufuria, suuza sana mpaka sabuni yenyewe iishe maana sabuni iliyobaki nayo ni tatizo, acha ikauke yenyewe au tumia kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi. Alafu pamba na spiriti ile ya hospitali, ya asilimia 70 kwenda juu, futa sehemu yote ya kuchora, ukishafuta usiguse tena. Ishike glasi kwa ndani, ingiza vidole viwili au mkono mzima kama ni jagi, au ishike kwenye kitako. Mimi napendelea kuvaa glavu mkono mmoja, ule unaoshika glasi, mkono wa brashi naacha wazi ili niisikie brashi.

Kama spiriti yako ina zile rangi au manukato, au imechanganywa na mafuta ya kulainisha ngozi, hiyo hapana.

Rangi inajikunyata ukipaka tu

Unaweka brashi, rangi inakimbia, inaacha vitundu katikati ya jani au inajivuta kwenye vidonge. Ni yaleyale mafuta, ila hapa umebahatika maana umeyaona mapema. Usijaribu kuyashinda kwa kuongeza rangi juu yake. Futa yote ikiwa mbichi, rudia kusafisha. Sababu nyingine ni maji, umeichanganya rangi na maji mengi ili iwe nyepesi ya kuchorea vikonyo, ile gundi iliyomo ndani imechujuka na haina nguvu ya kushika. Kulainisha brashi kwa maji kidogo sawa, kumwagia maji kwenye rangi hapana, kila kampuni inayotengeneza hizi rangi ina kimiminika chake cha kuzimulia na ndio cha kutumia.

Inachubuka ukikwangua, lakini inaacha alama

Hii ni tofauti. Hapa rangi imekishika kioo, unaona kabisa chini kumebaki doa, ila haijakomaa. Ukucha unaingia. Chanzo ni joto au muda, mara nyingi vyote.

Hizi rangi kila moja ina masharti yake na hayafanani, ndio maana ushauri wa "choma nusu saa tu" unaharibu kazi za watu. Mfano Vitrea 160 ya kampuni ya Pébéo inataka ikauke masaa 24 alafu ichomwe nyuzi joto 160 kwa dakika 40. Porcelaine 150 ya haohao ni nyuzi 150 dakika 35, nayo baada ya masaa 24. FolkArt Enamel, ambayo enamel ni jina tu, nayo ni akriliki, unaichoma kwenye nyuzi kama 177 hivi kwa dakika 30, au kama huna oveni unaiacha ikomae yenyewe siku 21. Alafu kuna Vitrail, hiyo ni ya thina, inatoa rangi za kupitisha mwanga nzuri sana kwa mabawa ya kereng'ende na vipepeo, lakini haichomwi na haifai kwa chombo kinachooshwa kila siku, ni ya pambo tu. Watu wanachora na Vitrail kwenye glasi za juisi alafu wanashangaa.

Na hizo dakika zinaanza kuhesabiwa pale oveni inapofikia joto lenyewe, sio pale ulipowasha. Hapo ndio wengi wanapokosea, oveni inachukua dakika 15 au 20 kupanda, wewe umetega saa tangu mwanzo, kwa hiyo glasi imepata nusu ya joto lake.

Tatizo lingine ni oveni yenyewe. Kitufe kinasema 160 ndani ipo 130, au 190. Nunua kile kipimajoto cha oveni cha kuning'iniza, sio bei kubwa na kitakuokoa sana. Oveni za gesi zenye namba, namba 3 ni kama 160 mpaka 170 hivi, namba 4 ni kama 180, lakini hizo nazo bila kipimajoto ni kukisia. Jiko la mkaa na sufuria yenye mchanga naona watu wanauliza sana, kwa keki sawa, kwa glasi hapana, joto linatoka upande mmoja huwezi kulishusha taratibu na glasi itapasuka mikononi mwako. Kama huna oveni tumia rangi inayokomaa yenyewe na uzihesabu zile siku kwelikweli, usiuze siku ya tano kwa sababu harusi ni jumamosi.

Glasi ambayo haijaiva vizuri inaweza kurudishwa kwenye oveni, hii ni habari njema, irudishe ikiwa imekauka kabisa, anza upya kutoka oveni ya baridi, fuata muda wote.

Imevimba vipovu

Vipovu ni unyevu uliokosa pa kutokea. Koti ya juu, yaani tabaka la rangi la juu, imekauka, ya chini bado mbichi, ukaiweka kwenye moto, ule unyevu ukageuka mvuke ukanyanyua ngozi. Inatokea zaidi pale ulipoweka rangi nene, na kwenye kazi zetu za maua unene unakuja bila kujua, katikati ya ua, macho ya ndege, zile nukta za kipepeo, matunda. Petali ziko sawa ila kile kidude cha katikati kimefura.

Dawa ni koti mbili au tatu nyembamba, kila koti ikauke kabla ya kuongeza nyingine. Na hapa hali ya hewa inaingia. Wewe uko Tanga, Mombasa, Zanzibar, Dar, mwezi wa nne mvua zinanyesha na hewa imejaa maji, yale masaa 24 ya kwenye chupa hayatoshi, ipe rangi siku mbili tatu. Watu wa Arusha na Nairobi kipindi cha kiangazi hawana shida hii. Feni inasaidia, jua la moja kwa moja halisaidii, linakausha juu tu ndani kunabaki kubichi, yaani linatengeneza tatizo lilelile.

Vipovu vikishatoka huwezi kuvibonyeza vikarudi. Kama ni kimoja kata kwa ncha ya wembe, sawazisha, paka upya hapo tu, choma tena. Kama ni vingi toa rangi yote.

Rangi imebadilika, nyeupe imekuwa krimu, kijani kimekuwa kama cha jani lililonyauka

Joto limezidi au glasi ilikuwa karibu sana na moto. Nyeupe na rangi hafifu ndio zinaonyesha kwanza, kwa hiyo mtu anayechora asumini na yungiyungi ataliona hili kabla ya mtu anayechora bogenvilia. Weka glasi trei ya katikati, isiguse ukuta wa oveni, na oveni yenye feni ndani ishushe kidogo maana inachoma zaidi. Ukiona krimu upande mmoja tu wa glasi, oveni yako ina upande mkali, siku nyingine igeuze glasi, ule upande wa ua uelekee pasipo na ukali.

Nyekundu na pinki zinazofifia baada ya miezi dirishani hiyo sio oveni, hilo ni jua. Baadhi ya rangi nyekundu hazivumilii jua, za udongo udongo zinavumilia. Chupa ya dirishani chagua rangi kwa kuliangalia hilo.

Glasi imepasuka

Glasi inapasuka pale sehemu moja imeshapata joto na nyingine bado. Weka glasi kwenye oveni ya BARIDI, washa, ipande nayo taratibu, muda ukiisha zima na uache mlango umefungwa mpaka ipoe yenyewe, hata kama ni masaa mawili, hata kama umeme utakatika. Usitoe ikiwa ya moto ukaiweka kwenye marumaru ya jikoni au juu ya kitambaa kibichi. Zenye kitako kinene ndio hatari zaidi, kitako kinachelewa kupata joto na kinachelewa kupoa. Vilevile glasi za kupulizwa kwa mdomo, kama zile za chupa zilizoyeyushwa za kule Kitengela Kenya, ukuta wake unene hauko sawa, hizo zipandishe pole pole zaidi ya kawaida. Na kabla ya kuchora chochote inyanyue glasi kwenye mwanga uangalie ukingo na kitako, ukiona mstari wa ufa hata mdogo, usiichore. Inaniuma sana kuona mtu ametumia siku mbili kuchora mnana na kiota chake kwenye glasi ambayo ilikuwa na ufa tangu dukani.

Ua limekaa kama stika

Hili sio tatizo la kubanduka lakini naulizwa kuliko hata vipovu. Rangi imeshika, imeiva, haina kipovu, ila ua halina uhai.

Kioo kinapitisha mwanga, karatasi haipitishi, na hapo ndipo kila kitu kinapobadilika. Petali ya pinki ya koti moja ukiweka glasi mezani inaonekana imefifia kwa sababu mwanga unaipita, ukimimina juisi ya embe ndani inageuka rangi kabisa. Kwa hiyo anza na koti nyembamba ya nyeupe kwenye umbo la petali, iache ikauke, ndio uweke rangi yake. Majani usiyafanyie hivyo yote, acha mengine yapitishe mwanga, utaona yale ya mbele yanakuja mbele na ya nyuma yanarudi nyuma, yenyewe tu.

Alafu kumbuka mtu ataiona glasi kutoka pande zote. Ukichora ndege mbele na ndege nyuma, wa nyuma ataonekana katikati ya wa mbele, miguu inakuwa minne. Panga mimea izunguke, mbele pazito nyuma pepesi. Mchoro chora kwenye karatasi kwanza, ikunje uibandike kwa ndani na seloteipu, fuatisha kwa nje.

Brashi, tumia yenye rangi mbili kwa mpigo, upande mmoja nyeupe upande mmoja pinki, bonyeza, zungusha, nyanyua, kivuli cha petali kinatoka kwa mkono mmoja. Mishipa ya jani vuta kutoka kwenye kikonyo kwenda nje, sio kutoka nje kuja ndani, maana ndivyo jani lenyewe lilivyo, mshipa unaanza mnene unaisha mwembamba. Ukitaka mishipa miembamba sana usipake, kwangua, subiri rangi ishike kidogo isiwe mbichi kabisa, chukua kijiti cha meno na ukwangue mstari mpaka kioo kionekane. Hiyo mistari ya kioo kitupu katikati ya kijani inapendeza mno mwanga ukipita.

Na kaangalie mmea wenyewe. Émile Gallé wa Nancy kule Ufaransa, aliyefariki 1904, ambaye kazi zake za kioo zenye maua na kereng'ende ziko makumbusho mengi duniani, alikuwa pia mtu wa mimea haswa, anaijua, anaandika kuhusu mimea. Inaonekana kwenye kazi zake. Toka nje, kata kitawi cha haibiskasi, kiweke mezani, hesabu petali ni tano, angalia ule mkia wa katikati unavyotoka na vumbi lake la njano. Ua ulilolitoa kichwani na ua ulilolitazama hayafanani kabisa na mteja analijua hilo hata kama hawezi kulisema.

Inalainika ikioshwa

Kama imechomwa vizuri na bado inalainika, mara nyingi imelowekwa kwenye beseni usiku kucha au imewekwa kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Kuna rangi kampuni inasema zinavumilia mashine, ila mimi wateja wote nawaambia mkono, sponji laini, usiloweke, usitumie stiliwaya. Wape maelezo kwenye kikaratasi, mteja asiyejua hana kosa.

Na usichore mdomo wa glasi. Acha sentimita 2 kutoka juu bila rangi, ndani ya glasi usipake kabisa, na sahani chora kwa chini. Rangi kuandikwa haina sumu haimaanishi imepimwa kwa ajili ya chakula, ni vitu viwili. Glasi za zamani za urithi zenye maua usizichome wala usizipake juu, rangi za kale zinaweza kuwa na madini yenye sumu ya risasi au kadimiamu, hizo ziwe pambo.

Kutoa rangi na kuanza upya

Rangi ambayo haijachomwa inatoka kwa maji ya moto na sabuni, loweka saa moja. Iliyochomwa inahitaji wembe ulioulaza karibu sawa na kioo, kioo kiwe kimelowa, sukuma mbele usivute, vaa glavu. Mabaki futa na asetoni, dirisha likiwa wazi na moto wa jiko umezimwa. Ukimaliza usiingie moja kwa moja kuchora, zile asetoni za saluni nyingi zina mafuta ndani ya kulinda kucha, kwa hiyo rudia sabuni, suuza, mwagia maji uone yanavyotanda, spiriti, iache ikauke, ndio uchukue brashi.